Mguu Juu ya Pedale

Tangu mkono wa Pascal uvunjike, Adolphine hakuruhusiwa tena kupika katika nyumba yake mwenyewe. Mama mkwe wake, Mama Agathe, alikuwa ameteremka kutoka Kirungu na kikapu cha maharage na jogoo aliyefungwa miguu, na jioni ileile ya kwanza akakaa kwenye kigoda cha jikoni bila kuonyesha dalili ya kuinuka. Hakugomba. Alimtoa Adolphine mwiko mkononi, akaufuta kwa pembe ya kitenge chake, akasema maneno ambayo kambi nzima ya kompani iliyasikia kabla ya giza kuingia.

“Guu iliyovunja mukono wa mutoto wangu haitasimama karibu na chakula yake.”

Basi Adolphine akawa mchota maji na mwosha sufuria. Aliwasha makaa, alichekecha unga, alichambua ndagala, dagaa wa ziwani, lakini saa ya kusonga bukari, ugali wao, ilipofika alitoka nje na kukaa kwenye ngazi ya mlango mpaka upishi umalizike. Majirani walipita wakamsalimia kwa ile sauti ya msibani, ya chini na tamu, kisha wakaenda kucheka mbele kidogo. Kambi ile ilikuwa na kuta nyembamba, sukari ilikuwa imepotea madukani, na habari ya mwanamke aliyemvunja mume wake mkono kwa mashini ilikuwa ndiyo utamu pekee uliobaki. 

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pascal alikuwa plombier wa kompani, fundi wa mabomba na mifereji ya nyumba zote za kambi. Kompani ilipopunguza watu, msaidizi wake alirudishwa kwao Nyunzu. Mashini ya kuzibua mifereji haikupunguzwa, nayo ilitaka watu wawili, au ndivyo Pascal alivyoamini. Ilikuwa pipa la chuma lenye mota ubavuni, na ndani ya pipa imezungushwa kable ndefu, nene, iliyosokotwa kama springi, ambayo huingizwa katika bomba huku ikizunguka mpaka itoboe uchafu. Mota iliendeshwa kwa pedale: ukikanyaga inazunguka, ukiachia inasimama. Sasa Pascal hakupenda kuinama na kukanyaga kwa wakati mmoja. Akarefusha waya wa pedale, akaipeleka kule mlangoni, na juu yake akaweka mguu wa mke wake. Yeye alishika kable. Akisema “Kanyaga”, mke alikanyaga. Akisema “Acha”, mke aliachia. Kompani, iliyokuwa ikilipa mtu mmoja kwa kazi ya wawili, haikuona kitu cha kuuliza.

Kisha siku moja Pascal akasema mbele ya rafiki zake, mdomo umejaa, kwamba bukari ya mke wake siku hizi ina madonge. Rafiki zake wakacheka. Adolphine hakucheka, na kuanzia hapo wakanuniana. Mtoto wao wa kwanza, Félicien, ndiye aliyekuwa posta. “Félicien, ambia baba yako maji ya kuoga iko tayari.” “Félicien, ambia mama yako nimesikia.” Na wote watatu wamo katika chumba kimoja.

Wakaenda kazini hivyohivyo, kwenye nyumba ya wageni ya kompani. Mashini ikabaki mlangoni karibu na prizi ya umeme, kable ikatandazwa sakafuni mpaka bafuni, Pascal akainama kule ndani amegeuza mgongo. Badala ya kusema “Kanyaga” aligonga ukuta kwa kiwiko. Adolphine akakanyaga. Kichwa cha kable kilipokwama ndani ya bomba, kable iliyobaki nje haikukwama. Iliendelea kuzunguka, ikajikunja, ikadaka kitambaa ambacho Pascal alijifunga kiganjani mahali pa glavu, ikakizungusha pamoja na mkono. Adolphine aliona mgongo wa mumewe ukiruka. Akaachia, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Pascal alisema alipiga kelele “Acha!” Adolphine alisema hakusikia neno. Kati ya hayo mawili watu walichagua la Pascal, kwa kuwa ndiye aliyefungwa plasta.

Plasta ilitolewa, na vidole vikabaki vimelegea. Alipojaribu kukunja ngumi, kidole gumba kilikuja, vingine vikabaki vinamtazama. Daktari wa kompani alisema vitarudi pole pole, akatazama saa yake, akaita mgonjwa mwingine.

Jioni moja Pascal alirudi kutoka biro, ofisini kwa Shefu Mulongo, mkubwa wake wa kazi, amekunja uso. Mama Agathe alimwekea sahani, akanawa, akaanza kumkatia matonge na kumwekea mbele, maana kula kwa mkono wa kushoto yeye hakutaka kuona.

“Shefu Mulongo alikuitia nini?” akauliza.

“Maternite imeziba. Maji inarudia mpaka chini ya vitanda ya wazazi. Anataka ikuwe imefunguka mbele ya Jumamosi ya salongo, juu wakubwa wa Chama watapitia pale.”

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi, watu wote na majembe na mafagio, na wakubwa wakitembea kuhesabu waliokuja. Maji machafu chini ya vitanda vya wazazi, akina mama waliojifungua, siku ya salongo yangemtoa Shefu kazini, na Shefu hakuwa mtu wa kutoka kazini peke yake.

“Na kama haifunguke?”

“Atatafuta plombier mwingine.” Pascal alitazama dari, akatazama kuta zilizopakwa chokaa na Adolphine mwaka ule wa mvua nyingi. “Na hii nyumba ni ya plombier.”

“Ulimwambia ile mambo ya vidole?”

“Nilimwambia mukono umepona.”

Mama Agathe aliacha kukata tonge. Kule nje, kwenye ngazi, Adolphine alikuwa amesikia yote. Alijiuliza wangekwenda wapi. Kirungu, juu milimani, kwenye nyumba ya mama mkwe, ambako hata kwenye moto wa kuota angeonyeshwa mahali pa kukaa? Aliwaza plombier gani angeweza kuja kusaidia kwa siri, akaona hakuna, kwa sababu yeyote ambaye angekuja angeona ule mkono, na keshoye angekuwa anapima madirisha ili mke wake ashone pazia. Akasimama mlangoni.

“Nitafungua mimi,” alisema.

Mama Agathe alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. “Umalizie na mukono wa pili?”

Pascal aliinuka akaenda kulala. Lakini asubuhi, alipokuwa akivaa viatu kwa shida, aliuambia ukuta kwamba anaenda kutoa mashini magazini, ile stoo ya kompani, na kwamba mlango wa nyuma wa maternite utakuwa wazi. Ukuta haukujibu. Adolphine alifunga kitenge kingine juu ya kile alichovaa, akatoka.

*

Mkunga wa maternite alikuwa Mama Mwanne, mwanamke wa kule mjini chini, wa familia ya Waislamu waliofanya biashara ya ziwani tangu babu zao. Alikuwa amewahamishia wazazi upande wa pili na kuwaacha wamelala wawili wawili katika kitanda kimoja, watoto katikati. Alipomwona Adolphine nyuma ya mkokoteni wa mashini alitaka kusema kitu, akaangalia mkono wa Pascal, akaghairi.

Chumba cha kuogea kilinuka vibaya sana. Maji meusi yalisimama sakafuni yakitetemeka kidogo kila lori lilipopita barabarani. Pascal aliiteremsha mashini palepale mlangoni karibu na prizi, kama kawaida yake.

“Sogeza,” alisema Adolphine.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja, bila posta, tangu siku ya madonge. Pascal aligeuka.

“Prizi iko huku.”

“Na tundu iko kule. Ile siku kable yote ililala inje, njo ikajikunja. Mashini ikae karibu na tundu, muntu anyooshe mukono afike.”

 Kwa kweli Pascal alijua. Sheria zote za mashini ile alikuwa amefundishwa na fundi mzee wa Kibelgiji kabla hajarudi kwao, akazijua moja moja, kisha akaanza kuziacha moja moja, kwa uvivu wa kawaida tu wa mtu ambaye bado hajaumia. Sasa zikamrudia zote kwa pamoja, akaanza kuzitoa kwa sauti kali kana kwamba Adolphine ndiye aliyezisahau.

“Basi kausha chini kwanza! Umeme na maji haviongei. Na ulete ubao, mashini isikae mu maji.”

Adolphine na Mama Mwanne wakateka maji kwa ndoo mpaka sakafu ikaonekana, wakamwaga majivu, wakalaza ubao wa kitanda kibovu. Mama Mwanne akaleta ralonji, waya wa kurefushia umeme, mwembamba wa taa. Pascal akaikataa bila hata kuigusa.

“Hii haina waya ya udongo. Mota ikivuja umeme, umeme itapita mu mwili yake. Lete ile nene, ile munachemshia vyuma.”

Ralonji nene ikaja. Pascal akakagua fishi yake, kichwa cha kuchomeka ukutani, tundu la waya wa udongo likiwa zima, akaipitisha juu ya misumari ya ukutani ili isiguse maji. Akaikunjua kable kidogo, akaipitishia macho yote kutafuta mahali palipopinda au kukatika. Alifanya haya yote kwa mkono wa kushoto, jasho likimtoka, na Adolphine akaona kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kwamba huyu mtu alikuwa fundi kweli. Ilimchoma. Kama angefanya hivi siku ile, wangekuwa wanakula mezani pamoja.

Kisha ikabaki pedale. Pascal akaichukua na kuanza kuvuta waya wake mrefu kuelekea mlangoni.

“Nitakanyaga mimi,” alisema. “Weye ushike kable. Guu yangu haina ugonjwa.”

“Hapana.”

“Pedale ni kazi ya musaidizi!”

“Pedale itakaa chini ya guu yangu, Papa Félicien. Mwenye kushika kable njo mwenye kukanyaga. Kama hautaki, turudishe mashini magazini, tukafunge vitu.”

“Utainama na kukanyaga mara moja? Utachoka mbio.”

“Nimekwisha kuchoka.”

Alilisema bila hasira. Pascal akaikunja ile sehemu ndefu ya waya, akaifunga kwa kamba, akaiweka pedale juu ya ubao mbele ya tundu. Adolphine akafungua kitenge cha kwanza, akafungua na cha pili, akakunja vyote na kuvitundika kwenye msumari. Chini alikuwa amevaa suruali ya kazi ya Pascal, imefungwa kiunoni kwa kamba na kukunjwa miguuni.

“We, Mama Félicien!” Mama Mwanne alishika kinywa. “Patalo! Vijana ya Chama wakikuona watakupasulia barabarani!”

Hakuwa anatia chumvi. Serikali ilikuwa imekataza mwanamke kuvaa suruali, na vijana wa Chama walilinda sheria hiyo kwa bidii kubwa kuliko walivyolinda daraja au dawa za hospitali. Wiki chache nyuma walikuwa wamemvua mwalimu mmoja sokoni, mchana kweupe.

“Kitenge inaning’inia,” alisema Adolphine. “Kable ikiikamata, itanikokota nayo. Funga mulango, dada. Ukae pale. Muntu akikuja, kohoa.”

Akafunga kichwa kwa kitambaa bila kuacha ncha ikining’inia, akakunja mikono ya shati, akavua bangili, akavua pete ya ndoa. Hakuwa na mfuko wa kuaminika. Akampa Pascal, naye akaitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kutoka chini kabisa ya sanduku la mashini Pascal akamtolea glavu za ngozi, ngumu, mpya, ambazo hakuwahi kuzivaa kwa sababu zilimfanya, alivyosema mwenyewe, ashike vitu kama mlevi. Adolphine akazivaa.

Aliingiza kable kwa mikono kwanza, mota imelala, mpaka ikagonga kona ya kwanza na kukataa. Akainama, mikono karibu na tundu, akakanyaga. Mota ikanguruma. Kable ikaanza kuzunguka ndani ya glavu zake, akaisukuma kidogo, akaachia pedale, akavuta nyingine kutoka pipani, akakanyaga tena.

“Usiikaze,” alisema Pascal nyuma yake. “Uiache ikule yenyewe. Ukiona inapinda inje, umeisukuma sana.”

“Nimesikia.”

Wakaendelea hivyo. Mgongo ukaanza kumuuma, goti likafa ganzi, maji machafu yakamrukia usoni akayafuta kwa bega. Alikuwa amefika kona ya pili pale umeme ulipokatika. Umeme wa Kalemie ulitoka kule Bendera, kwenye maporomoko, nao ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Adolphine aliachia pedale. Pascal, bila kufikiri, akachuchumaa na kunyoosha mkono wake mzima ili aivute kable wakati imetulia.

“Toa fishi kwanza!” alisema Adolphine.

Pascal akasimama, akaenda akachomoa. Hakuwa hata amegeuka, taa ya ukumbini ikawaka, na kule upande wa pili watoto wakalia kwa kushtuka. Mashini ilikaa kimya. Pascal alisimama na fishi mkononi akiitazama kwa muda mrefu kuliko fishi inavyostahili kutazamwa. Kisha akairudisha katika prizi na kusema tu, “Haya.”

Mbele kidogo kichwa cha kable kikakutana na kitu laini. Adolphine alikisikia kwa viganja, kitu kinachotoa njia kisha kinakataa. Akasukuma. Ghafla kable ikakaza mikononi mwake, ikawa ngumu kama fimbo, ikataka kugeuka pembeni na kupanda juu ya kifundo cha mkono, naye alikuwa amekwisha kuiachia pedale.

Hakukumbuka kuamua. Mota ilikuwa kimya, mguu wake ulikuwa hewani, na kable imesimama katika glavu ikiwa imeanza tu kujikunja. Alikaa vilevile, mguu juu. Akaelewa. Kati ya kukaza kwa kable na kuinuka kwa mguu hapakuwa na nafasi ya neno. Hata “Acha” lingekuwa refu. Hata kama Pascal angelia siku ile kwa sauti ya kuwaamsha watu wa ng’ambo ya ziwa, na hata kama yeye angekuwa mke mwema kuliko wote asiyemnunia mtu, mguu wake kule mlangoni ungechelewa. Siku zote zile alizokaa kwenye ngazi alikuwa akijiuliza kama kweli hakusikia, au kama moyo wake mbaya ulisikia ukaamua kusubiri kidogo. Sasa alijua, na kujua kulimtoa machozi ambayo hakuweza kuyafuta kwa sababu ya glavu.

Aligeuka. Pascal alikuwa ameona, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Hata ungelisema,” alisema Adolphine, “singeliwahi.”

Pascal alishika vidole vyake vilivyolegea kwa mkono wa pili.

“Sikusema, Adolphine.” Alimwita kwa jina lake, si la mtoto. “Nilisikia kable inakaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema hata mbele ya kukaza, nilipoona inajikunja. Nilikuwa nimekununia. Nilisema mu roho, huyu ataona mwenyewe. Kisha mukono ukaenda.”

Maneno hayo Adolphine alikuwa ameyangoja kama mtu anavyongoja barua, na kila jioni alipokaa kwenye ngazi alikuwa akipanga atakavyoyajibu. Sasa yamekuja, amechuchumaa juu ya ubao wa kitanda, suruali imelowa, pua imejaa harufu. Hakuona furaha. Aliona tu uchovu, uchovu wa kutaka kulala palepale.

“Bonyeza kifungo cha kurudisha,” alisema. “Tumalize.”

Pascal akabonyeza kifungo. Adolphine akakanyaga mara moja kwa kifupi, kable ikazunguka kinyume, ikalegea. Kisha mbele tena, pole pole, kisha akaanza kuvuta. Vikatoka vitambaa, vipande vya vitenge vya wazazi, vilivyotiwa chooni tangu pamba ilipokwisha na hakuna aliyejua pa kuvitupa. Vikatoka vingine na vingine. Bomba likakohoa, likameza, na maji yote meusi yakaanza kwenda. Yeye na Pascal waliyatazama yakienda mpaka mwisho.

Mama Mwanne akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mgonjwa wa kifua kikuu.

Pascal alichomoa fishi. Adolphine akavua glavu na kumvalisha mumewe, kidole kwa kidole, kama anavyovalishwa mtoto, akivisukuma vidole vile vilivyolegea kwa haraka mpaka Pascal akauma midomo. Akavuta kitenge msumarini, akajifunga juu ya suruali, akakamata ndoo na ufagio. Mlango ukafunguka, na Shefu Mulongo akaingia katika abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, ya rangi ya majivu, akikanyaga kwa ncha za viatu.

“Citoyen Kisimba!” alisema. Kazini kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia, na Pascal alikuwa Kisimba tu. Majina ya ubatizo nayo yalikuwa yamekatazwa. “Naona maji inaenda.”

“Inaenda, Shefu.”

“Basi mukono umepona kweli! Mimi nilikuwa na mashaka. Nilikuwa nimekwisha kusemesha mwingine, wa kule Katanika.” Akacheka. “Nitamwambia arudi.”

Pascal alitazama glavu zake. Alitazama suruali yake mwenyewe, inayochungulia shubiri moja chini ya kitenge cha mke wake.

“Shefu,” alianza, “nataka kusema ukweli. Haiko mimi nili…”

“Haiko yeye peke yake,” alidakia Adolphine, ameinamisha macho. “Mama Mwanne alimusaidia kutosha maji. Miye nilikuja kufagia tu, Shefu.”

Mama Mwanne aliitikia kwa kichwa. Pascal alimtazama mkewe, naye hakumtazama. Alikuwa anafagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Shefu alinyoosha mkono kumpongeza. Pascal, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye mikono michafu, akakunja kiganja ndani na kumtolea kifundo cha mkono ashike. Shefu akakishika, palepale palipovunjika, akakitikisa kwa nguvu zote za mtu aliyeokoa kazi yake. Pascal alitabasamu. Jasho jipya likamtoka juu ya mdomo.

“Jumatatu uende nyumba ya wageni,” alisema Shefu, “imeanza kurudisha tena.” Akageuka kutoka, akasimama, akamwonyesha Adolphine kidole. “Na weye, mama. Nilisikia weye njo ulivunja mukono ya bwana yako. Kufagia, sawa. Lakini mbali na mashini. Hii ni vitu ya wafundi.”

“Ndiyo, Shefu,” alisema Adolphine.

*

Walirudi na mkokoteni. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, na filimbi ya treni ya mizigo ilisikika kule bandarini. Walipofika kwenye mnazi wa kona, Pascal alisimama, akafungua kifungo cha shati, akamrudishia pete.

“Ungeliacha niseme,” alisema.

“Useme tulale wapi?”

“Na Jumatatu?”

“Jumatatu tutaenda. Utafunga mulango, nitavaa patalo.” Akavuta pumzi. “Na siku ingine, na siku ingine. Mpaka vidole virudi.”

Pascal aliangalia vidole vyake. Wote wawili walijua kwamba huenda havitarudi.

Nyumbani Mama Agathe alikuwa amekaa kwenye kigoda, maji yameanza kuchemka. Alimtazama mwanawe uso, akaona kwamba nyumba ni yao bado, akajifanya anachochea makaa. Adolphine, kwa mazoea, alianza kugeuka kwenda kwenye ngazi. Pascal akamshika kiwiko.

“Mama,” alisema, kwa sauti ambayo nyumba ya pili waliacha kuzungumza ili waisikie. “Ile siku sikusema acha. Nilinyamaza mwenyewe. Guu yake haina kosa.” Kisha akashusha sauti mpaka ya kunong’ona. “ Na leo njo yeye alifungua maternite, haiko mimi. Ile ya pili usiitoshe inje ya hii nyumba. Ile ya kwanza, ukitaka, uitangaze hata sokoni.”

 Mama Agathe aliongeza kuni ndogo juu ya makaa, jambo ambalo halikuhitajika. Alimtazama Adolphine kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka suruali iliyolowa, akarudi juu, akatua kwenye mikono. Alikuwa mwanamke wa milimani na hakuwa na desturi ya kuomba radhi kwa mtu mdogo wake kwa umri. Aliinua mwiko, akaufuta kwa pembe ya kitenge chake, akamnyooshea.

“Mama Félicien,” alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu aje. “Maji imechemka.”

Adolphine alinyoosha mkono kuupokea. Harufu ya bomba ilikuwa imeingia mpaka chini ya kucha. Aliurudisha mkono.

“Leo songa weye tu, Mama,” alisema. “Nikisonga miye, ikitoka na madonge, bwana atawaambia watu.”

Pascal aliinamisha kichwa. Adolphine akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango palepale alipozoea kufukuziwa, akanyoosha miguu. Baada ya muda kidogo Mama Agathe akamfuata na beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni, akaliweka chini, akaushika mkono wake wa kuume na kuanza kuuosha.